Mgombea wa Mjini na Shamba la Mpiga Kura Wake

Kila uchaguzi unapokaribia katika jimbo la Kibra, lenye mtaa wa Kibera jijini Nairobi, na vivyo hivyo katika Dagoretti Kaskazini ambamo Kawangware imetiwa jimbo moja na majirani zake wenye neema wa Kilimani na Kileleshwa, mgombea husimama juu ya gari akaahidi maji, vyoo, taa, barabara na karo za shule, na hadhara humshangilia au humzomea kwa kadiri inavyomsadiki. Ni nadra mtu kumuuliza ana kauli gani juu ya bei ya gunia la mahindi Kitale, au juu ya mbolea, au juu ya mkulima wa miwa wa Kakamega aliyekaa misimu kadha bila ya kulipwa. Na lau angeulizwa, yamkini angejibu kwamba hayo ni ya wabunge wa mashambani, kwa kuwa Kibra haina shamba. Jibu hilo lina sura ya busara, na wengi hulipokea bila ya kulipima. Mimi silikubali. Naona kwamba suala la shamba ni katika masuala makubwa ya mpiga kura wa Kibera na wa Kawangware, kwamba limefichwa kwake kwa desturi wala si kwa hoja, na kwamba mgombea asiyekuwa na msimamo juu yake ameiacha nusu ya maisha ya watu anaowaomba idhini ya kuwasemea.

Tuanze na mahali penyewe. Askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles walipopewa makazi katika msitu wa Kibra mwanzoni mwa karne ya 20, walipewa ardhi iliyozidi ekari 4,000, wakalima mahindi na mboga, wakafuga ng'ombe, na kwa muda wa miaka mingi Kibra ilikuwa kijiji cha wakulima kilichopakana na mji, haijawa bado mtaa wa mji. Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliwahesabu Wanubi kuwa ni wapangaji tu wa Serikali ya Kifalme. Na ilibidi kungoja hata Juni 2017 ndipo jamii hiyo ikakabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya kile ambacho babu zao walikijua kuwa chao. Kawangware ina tarikhi yake mbali. Ilikuwa kipande cha Dagoretti, ardhi ya mbari za Wakikuyu iliyohesabiwa upande wa Kiambu, wala haikuingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi ila wakati wa Uhuru. Ndiyo sababu mpaka leo mwenye kiwanja Kawangware aghalabu ana hati aliyorithi kwa wazee wake, na safu ya vyumba vya mabati anavyovipangisha imesimama mahali ambapo nyanya yake alikuwa akipalilia viazi, ilhali mwenye nyumba wa Kibera kwa kawaida humiliki kuta na paa, na ardhi iliyo chini yake ni ya Serikali. Mgombea anayezungumza juu ya ardhi katika mitaa hii miwili kwa maneno mamoja hajaujua hata mmoja.

Kisha wakaja wapangaji, na hao ndio wengi. Walitoka Siaya na Homa Bay, Vihiga na Kakamega, Kisii, Machakos na Kitui, wakitafuta riziki katika mji ambao dola ya kikoloni iliutaka uwe na nguvu zao lakini usiwe na maskani yao. Ujira wa kima cha chini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, kwa dhana kwamba aila yake ingelishwa na shamba lililobaki nyuma. Na kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter, katika ripoti yake ya mwaka 1954, ilikiri ubaya wa hesabu hiyo ikapendekeza ujira uwezao kulisha aila nzima. Serikali ya Uhuru nayo haikuing'oa dhana ile, kwani mwaka 1964 Mzee Jomo Kenyatta aliwahimiza raia warudi mashambani, kana kwamba mtu aliyekuja mjini kwa kukosa ardhi ameisahau tu mahali fulani. Kwa hiyo mji huu ulijengwa juu ya msaada wa shamba ambao haukupata kuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu, na ulipogeuka mkondo, shamba likawa ndilo linalongoja msaada wa mji, hesabu haikuandikwa pia. Wafanyabiashara waliliona jambo hili mapema kuliko wanasiasa: M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, wito wake wa kwanza kwa mfanyakazi wa mjini ulikuwa kwamba atume pesa nyumbani.

Atakaye kuiona hesabu hiyo ikifanya kazi na asimame jioni mbele ya muuza nafaka wa Kawangware, karibu na kituo cha 46. Magunia yamekunjwa vinywa, mahindi, maharagwe na njugu vimejaa mpaka ukingoni, na juu ya kila gunia pamekaa gorogoro, kopo la kilo 2 ambalo muuzaji hulijaza hata likafanya kilele, huku mnunuzi mjuzi akilipitisha kidole chini kwanza kuhakikisha kwamba kitako chake hakikubonyezwa kikala nafaka ya mtu. Miongoni mwa wanunuzi hao yumo mama wa Gatina, humo Kawangware, achemshaye githeri na kuiuza kwa sahani. Ataka gorogoro iwe rahisi, kwani wateja wake ni vibarua wa mjengo, na wakiongezewa shilingi kumi juu ya sahani watakwenda kwa jirani. Baada ya kufunga fundo la mfuko wake, mama huyo huyo hufungua simu akamtumia mama mkwe wake, aliyeko Vihiga, fedha ya mbolea ya kupandia, na dua yake ni kwamba mahindi yatakayovunwa yapate bei nzuri, ili mahitaji ya mtoto wake aliyebaki kule kwa nyanya yasimrudie yeye. Kama mnunuzi anaomba bei ishuke, na kama mkulima anaomba ipande. Wataalamu wa uchumi huandika juu ya mgongano wa mlaji na mzalishaji kama kwamba ni watu wawili waliokaa pande mbili za meza. Hapa ni mtu mmoja, na kura yake ni moja.

Ni wangapi walio kama yeye? Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 170,070 katika Kibera, na ile ya 2019 ikawahesabu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra, idadi zilizo mbali sana na ile milioni moja iliyokuwa ikitajwa kila mahali. Lakini sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku ule, na daftari la kura humhesabu mahali alipojiandikisha; hakuna daftari linalomhesabu kwa shamba analolilisha. Wala haifai kudhani kwamba kila mtu analo. Mnubi wa Makina hana kwao kwingine: Kibra ndiyo kwao, na makaburi ya wazee wake yamo humo. Kijana aliyezaliwa Laini Saba kwa mama aliyezaliwa Laini Saba huenda akayasikia mashambani, au ushago kama waitavyo wenziwe, kwa habari tu, na huenda asikaribishwe akienda, kwa kuwa ekari mbili za babu zimekwisha kugawanywa kwa ami zake. Mabinti nao, hata pale ambapo sheria imewapa haki ya urithi, hurudi kutoka mashambani mikono mitupu mara nyingi kuliko kaka zao. Msimamo wa haki juu ya shamba hauna budi kuwakumbuka hawa wote, la sivyo utakuwa ni dhuluma mpya juu ya ile ya zamani.

Sasa tuwatazame wagombea. Uchaguzi mdogo wa Kibra wa tarehe 7 Novemba 2019 watupa mfano ulio wazi kuliko mingine. Ken Okoth, mbunge aliyezaliwa na kukulia Kibera, na aliyeitanguliza elimu mbele ya mambo yote, alifariki tarehe 26 Julai mwaka huo, na katika waliowania kiti chake waliotajwa zaidi walikuwa wanne: Imran Okoth, nduguye marehemu, kwa tiketi ya ODM, McDonald Mariga, mchezaji mashuhuri wa kandanda, kwa Jubilee, Eliud Owalo, mtu wa Asembo katika Siaya na mshauri wa zamani wa Raila Odinga, kwa ANC, na Khamisi Butichi kwa Ford-Kenya. Imran alipata kura 24,636, Mariga 11,230, Owalo 5,275 na Butichi 260, katika jimbo lenye wapiga kura zaidi ya 118,000 daftarini, yaani waliojitokeza walizidi theluthi moja kwa kidogo tu. Imran aliahidi kuendeleza kazi ya kaka yake. Mariga alijinadi kwa vijana na kwa ukaribu wake na Serikali iliyokuwa madarakani. Owalo alijitokeza kama mtu wa mipango na usimamizi. Lakini sauti iliyozifunika zote ilikuwa ni ile ya kuuliza Kibra ni ya nani, na jimbo zima likanadiwa kuwa chumba cha kulala cha Baba, yaani ngome ya Raila ambayo mgeni haingii.

Na mashambani yalikuwamo katika uchaguzi ule, tena kwa kishindo. Musalia Mudavadi, kiongozi wa ANC, alimwombea kura Owalo, Moses Wetang'ula wa Ford-Kenya alimwombea Butichi, na gavana wa Kakamega, Wycliffe Oparanya, alikuwa upande wa ODM. Watu hawa hawakuletwa mitaani kwa sababu ya maarifa yao ya Kibera. Waliletwa kwa kuwa wapiga kura wa Kiluhya walio Kibera huwasikiliza kama wakubwa wa kwao. Wetang'ula na Oparanya ni watu wa nchi ya miwa, na katika majuma yale yale, Septemba 2019, benki iliyokidai kiwanda cha sukari cha Mumias ilikishika na kukiweka chini ya msimamizi wake, baada ya miaka ya madeni iliyowaacha wakulima wa Kakamega na Busia na miwa iliyokauka mashambani. Watoto wa wakulima hao wamo Kibera na Kawangware, wakichimba misingi na kulinda malango; wengi wao wasingekuja kama Mumias ingelikuwa hai. Ungetarajia kwamba wakubwa wa kwao, wakishasimama Sarang'ombe, humo Kibera, watawaeleza jinsi kila chama kitakavyopiga kura Bungeni juu ya sukari. Yaliyosikika zaidi yalikuwa ni mahesabu ya kabila gani lina kura ngapi. Kijiji kiliingia Kibera kwa mlango wa ukoo, na mlango wa shamba ukabaki umefungwa.

Siku mbili baada ya kura, tarehe 9 Novemba, Shirika la Viwango la Kenya liliamuru chapa tano za unga wa mahindi ziondolewe madukani kwa kuzidi kiwango cha sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Yafaa kukaa kidogo hapa, kwani sijui jambo lingine linaloonyesha vyema zaidi jinsi ghala ya mkulima ilivyo karibu na sufuria ya Kibera. Sumu hiyo haitoki kiwandani. Hutoka katika mahindi yaliyovunwa mvua ikinyesha, yakawekwa kabla unyevu wake haujashuka chini ya asilimia 13.5, kwa sababu mkulima hana turubai ya kuanikia, au mashine ya kukaushia iko mbali na ada yake hailipiki, au ana deni linalomharakisha kuuza. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika pande za Makueni na Kitui. Tena hudhuru mwili kidogo kidogo, ikaharibu ini, na humdhuru zaidi yule ambaye hula ugali asubuhi na jioni bila ya badali. Mgombea wa Kibra mwenye msimamo juu ya mashine za kukaushia nafaka katika maghala ya umma angekuwa anasema juu ya ini la mtoto wa Lindi, humo Kibera. Na kwa kuwa hakuna aliyemzoesha kusema hivyo, husema juu ya vyoo, ambavyo navyo ni haki, lakini si haki yote.

Unga wenyewe ndio uliowalazimisha wagombea wa mwaka 2022 wawe na kauli, watake wasitake. Julai mwaka huo, yakiwa yamebaki majuma matatu hivi kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya kilo 2, ambayo bei yake ilikuwa imepita shilingi 200, iuzwe kwa shilingi 100. Haikuwa mara ya kwanza: kabla ya uchaguzi wa 2017 pakiti hiyo iliwekewa bei ya shilingi 90, na mahindi yakaletwa kwa meli kutoka Meksiko. William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 aliiondoa ruzuku ya unga, akasema kwamba fedha ya umma ni afadhali imsaidie mzalishaji kuliko mlaji, na gunia la kilo 50 la mbolea likashushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Hizi ni rai mbili zilizo mbali, na kila moja ina watu wenye akili nyuma yake. Mimi naziona zote mbili zina tundu ambalo mtu wa Kibera huanguka ndani yake.

Ruzuku ya unga humfikia anunuaye pakiti. Lakini nyumba nyingi za mitaa hii hazinunui pakiti. Hununua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka kusagwa kwenye kinu cha posho, au hununua unga uliopimwa kwa kadiri ya shilingi zilizopo siku ile, na muuzaji wa gorogoro hana mkataba na Serikali. Fedha ilikwenda kwa wenye vinu vikubwa, na pakiti ya shilingi 100 ilipotokea katika duka moja, foleni yake ilimaliza shehena kabla wa mwisho hawajaiona. Ruzuku ya mbolea, kwa upande wake, humfikia mkulima aliyeandikishwa, aitwaye kwa simu aende ghala ya Bodi ya Nafaka kuchukua magunia yake. Mama mkwe wa Vihiga ndiye mkulima katika daftari, na ghala huenda ikawa mbali naye kiasi kwamba nauli na kibarua wa kubeba vinakula sehemu ya ile nafuu. Naye mama wa Gatina, aliyetoa fedha yote, hayumo katika daftari lolote. Tena mbolea iliyotiwa Machi haiwi chakula ila baada ya miezi mingi, na katika Trans Nzoia huwa ni mwisho wa mwaka, ilhali tumbo halingoji. Aliyezaliwa Laini Saba na asiye na shamba aliambiwa mwaka 2022 kwamba nafuu inakuja kwa njia ya udongo asioumiliki. Rai yangu ni kwamba mgombea wa Kibra alikuwa na wajibu wa kuunga mkono mbolea, mashine za kukaushia na bei ya haki kwa mkulima, na papo hapo kudai kwamba msaada wa muda kwa mlaji usikatwe mpaka mavuno ya kwanza yaingie sokoni, na kwamba utolewe mkononi mwa mhitaji wala si kwa mwenye kinu. Msimamo huo si wa kuridhisha kambi zote; ndio unaomtosha mtu mwenye haja mbili katika nafsi moja.

Itasemwa kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeukabidhi ukulima kwa serikali za kaunti, kwa hiyo mbunge wa Nairobi hana la kufanya. Hoja hiyo ni nusu tu ya maandiko, kwa sababu Katiba hiyo hiyo imeiachia Serikali ya Taifa sera ya kilimo, na bajeti ya mbolea, akiba ya nafaka ya taifa na sheria ya sukari hupita Bungeni. Tarehe 2 Mei 2024, baada ya kufichuka kwamba wakulima walikuwa wameuziwa mbolea bandia kwa jina la ruzuku, Bunge la Taifa lilipiga kura juu ya hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi: wabunge 149 waliiafiki na 36 wakaikataa, na hatimaye kamati teule ikaona kwamba tuhuma hazikuthibitika. Katika kura ile sauti ya mbunge wa Kibra na ya mbunge wa Dagoretti Kaskazini zilikuwa na uzito sawasawa na sauti ya mbunge atokaye katikati ya mashamba ya Trans Nzoia. Mtu wa Kawangware aliyetuma fedha ya mbolea mwezi wa Machi alikuwa na haki kamili ya kumuuliza mbunge wake alipiga kura gani, na kwa nini.

Wala si kweli kwamba ahadi ya mgombea wa mjini haijapata kufika shambani. Mwaka 1974 Mwangi Mathai aligombea kiti cha Langata, jimbo ambalo kabla ya mgawo wa 2013 ndilo lililokuwa na Kibera, na katika kampeni yake aliahidi ajira kwa wasio na kazi. Alishinda, na aliyeibeba ahadi hiyo moyoni alikuwa ni mkewe, Wangari Maathai, ambaye alianzisha shughuli ndogo ya kuwaajiri watu wapande na kutunza miti, na kitalu chake kikawa katika msitu wa Karura. Shughuli hiyo haikufaulu. Ukame na ukosefu wa mtaji viliimaliza. Lakini fikira yake haikufa, na mwaka 1977, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake, ikazaliwa upya kuwa Ukanda wa Kijani (Green Belt Movement), ambao haukustawi mjini bali kwa wanawake wa mashambani waliokuwa wakitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, hata kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ikawa miti iliyopandwa imehesabiwa kwa makumi ya milioni. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha njia. Ahadi ya ajira kwa mtu wa Langata ilipofuatwa kwa ikhlasi mpaka kwenye asili ya shida, ilifika shambani yenyewe, kwa kuwa huko ndiko ukosefu wa ajira wa mjini unakoanzia: katika udongo uliochoka, kuni zilizokwisha na ekari zilizogawanywa mno.

Wagombea wenyewe hawana udhuru wa kutokujua. Simba Arati aliiwakilisha Dagoretti Kaskazini kwa vipindi viwili, tangu 2013 hata 2022, kisha akarudi kwao akachaguliwa gavana wa Kisii, kaunti ya chai, ndizi na vishamba vidogo sana. Mambo ya chai na ndizi yalimwia kazi rasmi mwaka 2022. Kwa Wakisii wa Kawangware waliompigia kura mwaka 2013 yalikuwa ni kazi yao ya kila mwisho wa mwezi. Marehemu Raila Odinga, mbunge wa Langata tangu 1992 hata 2013, alikuwa akipiga kura yake katika Shule ya Msingi ya Old Kibera, na alipofariki Oktoba 2025 alizikwa Bondo. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa maelfu ya waliomchagua. Na hapa ndipo palipo na jambo linaloniuma: katika mitaa hii, msaada wa mashambani ambao mgombea huutoa bila ya kuombwa mara mbili ni mchango wa matanga, jeneza na basi la kuupeleka mwili nyumbani. Ni msaada wa utu, na mwenye kufiwa huukumbuka maisha yake yote. Lakini maadamu mwanasiasa anajua njia ya kwenda kwa mpiga kura wake hata kaburini, hawezi kusema kwamba haijui njia hiyo mtu akiwa hai.

Njia yenyewe ilifungwa mara moja, tukaona. Tangu tarehe 6 Aprili 2020 mpaka Julai 7, kwa ajili ya maradhi ya korona, Serikali ilizuia watu kuingia na kutoka eneo la Nairobi. Vibarua walikosa kazi, fedha ya kwenda mashambani ikakatika katika miezi ile ile ya kupalilia, na aliyezoea kumpeleka mkewe na watoto kwao wakati wa dhiki hakuweza. Mtu aliyekuwa na nyumba mbili alijikuta hana hata moja inayomtosha. Uzoefu ule ulitosha kumfundisha mgombea yeyote kwamba chakula cha shule, malipo ya wazee na msaada wa karo haviwezi kupangwa kana kwamba aila huishi chini ya paa moja: mtoto wa Kibera husoma bweni Siaya, bibi yake hupokea malipo ya uzee kule, na fomu ya karo yasainiwa huku na chifu asiyepata kumwona mtoto huyo.

Limebaki jambo moja gumu, na Kawangware ndiko linakouma zaidi. Fedha iendayo shambani ni ile iliyobaki baada ya kodi ya nyumba. Mpangaji anayelipa kodi ya chumba cha mabati, kisha akanunua maji kwa mtungi na umeme kwa mwenye nyumba, ana kiasi fulani tu cha kutuma, na kila kodi inapopanda, mbolea ya Vihiga au ya Kisii ndiyo inayopunguka kwanza, kwa kuwa mwenye nyumba hubisha mlango na shamba halibishi. Lakini mwenye nyumba huyo naye, mara nyingi, ni mtoto wa waliolima hapa hapa, ambaye shamba lao ndilo lililogeuka vyumba; hana pengine pa kurudi, wala gorogoro yake haitoki popote ila katika kodi hiyo. Wote wawili wamo katika daftari moja la kura la Dagoretti Kaskazini, na kila mmoja humtaka mgombea asimame upande wake. Aliyepata kunyamaza juu ya kodi kwa kuwahofu wenye viwanja, akaahidi mbolea kwa kuwapendeza wapangaji, ametoa kwa mkono mmoja alichoacha kichukuliwe kwa mwingine. Sijamsikia bado mgombea, katika jimbo hilo wala katika Kibra, aliyekaa na pande mbili hizo pamoja akaweka mezani kodi, bei ya gorogoro na fedha ya kupandia kuwa ni hesabu moja, na uchaguzi wa Agosti 2027 uko karibu vya kutosha kwa yeyote anayetaka kuwa wa kwanza.